Nikimeza dawa, mashairi yatabaki? Wazimu na utunzi, tusemezane

KalamuNyevu (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Naandika mashairi tangu nina miaka 14. Miezi miwili iliyopita nililazwa, na daktari wa magonjwa ya akili akakipa jina kitu nilichoishi nacho miaka yote: baipola. Kuna majuma napanda, usingizi naona ni wizi wa muda, maneno yanakuja yamebebana mgongoni. Kisha kuna miezi nashuka, hata kuoga ni safari ya kuombewa dua. Kaniandikia litiamu. Pakiti ipo mezani hapa, wiki ya pili sasa, sijaifungua.

Msinicheke kwa sababu yangu. Naogopa mashairi yataondoka. Rafiki yangu mmoja, naye mtunzi, kaniambia bila kupepesa macho: "Ukitulizwa kichwa utabaki karani." Kanitajia Sylvia Plath, kanitajia Robert Lowell, kanitajia yule Mjerumani Hölderlin, wote washairi waliougua akili, kama vile ananisomea orodha ya ukoo. Nimekosa la kumjibu kwa kuwa nusu yangu inaamini hivyo hivyo. Beti zangu zinazosifiwa zina giza ndani yake, na giza hilo sikulinunua popote, nilizaliwa nalo.

Wenye kujua waseme. Ni ugonjwa unaoandika, au ni mimi? Na kama ni ugonjwa, nikiutibu nabaki na nini mkononi?

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi. Wajuvi waje, uzi utembee.

Majinuni

Mkuu, jina langu la humu peke yake ni jibu. Majinuni, aliyeingiwa na jini. Waarabu wa kale waliamini kila mshairi hodari ana jini lake linalomnong'oneza, na wakalitaja bonde la Abqar kuwa makazi ya majini hao. Mpaka leo kwa Kiarabu mtu mwenye kipaji cha kupitiliza huitwa abqari. Ndiyo maana Makureshi walipotaka kumpinga Mtume walimwita mshairi mwendawazimu, maneno mawili kwa pumzi moja. Qur'ani imeyataja maneno yao na kuyakanusha katika sura ya 37. Kwa fikra zao lilikuwa tusi moja tu.

Wagiriki nao hivyo hivyo. Plato kamsemesha Sokrates kwamba anayebisha mlango wa ushairi akitegemea ufundi mtupu, bila wazimu unaotoka kwa miungu, ataachwa nje, na shairi la mwenye akili timamu litafunikwa na la aliyepagawa.

Na sisi je? Chukua neno lenyewe. Wazimu na mzimu ni shina moja. Mwendawazimu si "mgonjwa wa kichwa", ni mtu anayekwenda na wasioonekana. Na kijana wa leo akipata hamasa ya kuandika anasema mzuka umepanda. Watu walio mbali hivi, wasiosoma vitabu vya wenzao, wote wakafika kwenye jambo moja. Huoni kuna kitu hapo?

Sisemi usimeze dawa. Nasema rafiki yako hakuzua.

HesabuKwanza

Historia tamu, ila mleta uzi ana pakiti mezani. Twende kwenye namba.

Utafiti unaonukuliwa kila kona ni wa Nancy Andreasen, mwaka 1987. Alichukua waandishi 30 kutoka warsha maarufu ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, akawalinganisha na watu 30 wa kazi nyingine. Asilimia 80 ya waandishi walikuwa wamewahi kuugua maradhi ya hisia, upande wa pili asilimia 30. Inatisha, eeh? Sasa kaa nayo kidogo. Watu 30 tu, wa sehemu moja, na aliyewahoji ni yeye mwenyewe akijua fika yupi mwandishi na yupi siye. Akaja Arnold Ludwig mwaka 1995, akapekua wasifu za watu mashuhuri zaidi ya 1,000, na washairi wakaibuka vinara wa maradhi. Lakini wasifu huandikwa juu ya nani? Mshairi aliyelala saa tatu usiku, akalipa kodi zake, akafa na wajukuu pembeni, kitabu chake atakinunua nani? Wallace Stevens alikuwa mtu wa bima mpaka uzeeni. William Carlos Williams alikuwa daktari wa watoto. Wisława Szymborska kapata Nobel mwaka 1996 na maisha yake hayana sinema ndani. Hawa hakuna anayewataja usiku wa manane.

Kazi iliyo nzito zaidi ni ya Sweden, kikundi cha Simon Kyaga wa taasisi ya Karolinska. Hawakuhoji wasanii. Walichukua rejista za nchi nzima, wagonjwa zaidi ya milioni moja pamoja na ndugu zao, wakaangalia nani anafanya kazi gani. Kwa ujumla watu wa kazi za ubunifu hawakuonekana kuugua kuliko wengine, isipokuwa kwa baipola. Ila waandishi, wakitazamwa peke yao, walizidi: baipola, skizofrenia, sonona, wasiwasi, ulevi na kujiua. Kwa hiyo Majinuni ana robo ya haki, nampa.

Lililonikaa kichwani ni jingine. Waliojazana kwenye kazi za ubunifu ni pamoja na ndugu wazima wa wagonjwa wa baipola na skizofrenia. Wazima, narudia. Yaani huenda kuna kitu kwenye damu ya familia kinacholegeza mawazo yakutane kwa njia zisizo za kawaida, na kikija kwa kipimo kidogo ni neema, kikifurika ndipo mtu analazwa. Kama ndivyo, kufurika siko kunakoandika.

Na kuhusu hiyo litiamu yenyewe: mwaka 1979 Mogens Schou, daktari wa Denmark, aliwauliza wasanii 24 wenye baipola waliokuwa wakiitumia. 12 walisema kazi yao imeongezeka, 6 haikubadilika, 6 imepungua. Ni watu wachache, sikuuzii kama msahafu. Lakini ukimwona rafiki yako mwulize ametoa wapi habari ya ukarani.

Nduguye

Mimi ndiye huyo ndugu mzima wa kwenye rejista, sema si mwandishi. Ni mhasibu.

Kaka yangu anaandika, na anaandika vizuri hasa. Akipanda, mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nane usiku kusomewa beti. Akishuka, mimi ndiye ninayelala sebuleni kwake mlango wazi. Ana wasomaji wanaomwambia "maumivu yako ni kipaji". Hawajawahi kumfulia shuka hao.

Nimewahi kusoma habari za Anne Sexton, mshairi wa Marekani, nikaghadhibika kwa niaba ya watu nisiowajua. Alianza kuandika mashairi miaka ya 50 baada ya kuanguka vibaya, na aliyemshauri aandike ni daktari wake wa akili, Martin Orne. Angalia mpangilio: ugonjwa kwanza, tiba, ndipo mashairi. Akaenda darasani, akajifunza soneti, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1967. Alijitoa uhai mwaka 1974. Miaka ikapita, daktari yule yule akamkabidhi mwandishi wa wasifu wake kanda za mazungumzo yao ya faragha, kitabu kikatoka mwaka 1991 na kugombewa. Binti yake aliridhia, najua. Lakini najiuliza, zingekuwa kanda za mshairi mwenye kisukari, nani angezitamani?

KalamuNyevu, ninaomba nikuulize kama dada. Nyumbani kwako nani anakaa macho ukiwa huna usingizi? Huyo naye aulizwe kuhusu dawa.

Mzee wa Mizani

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maradhi.

Majinuni, huyo Plato unayemtanguliza ndiye aliyewafukuza washairi kwenye dola yake ya kufikirika. Ukimleta shahidi, mwache amalize kusema.

Tumtazame Hölderlin, maana hutajwa na watu wasiomsoma. Mwaka 1806 alipelekwa kwa nguvu hospitali ya Tübingen. Mwaka uliofuata walimtoa wakisema hana zaidi ya miaka 3 ya kuishi. Fundi seremala, Ernst Zimmer, aliyekuwa amesoma riwaya yake na kuipenda, akamchukua kwake, chumba cha mnarani kando ya mto Neckar. Miaka 3 ikawa 36. (Nikipata nafasi nitaandika uzi mzima juu ya seremala huyu. Alimtunza miaka 31, hadi yeye mwenyewe alipofariki. Wahakiki wangapi wamemlisha mshairi muda huo?)

Sasa sikiliza. Nyimbo kubwa zinazomfanya atajwe hadi leo alizitunga kabla ya mnara, akili yake ikiyumba lakini siku nyingi bado yu usukani. Na mnarani aliandika nini? Wageni walimwomba shairi, naye aliwaandikia vipande vifupi, mistari imenyooka, vina vimekaa, juu ya masika, kiangazi, kipupwe. Chini anasaini jina la Scardanelli, tena na tarehe za ajabu, nyingine za kabla hajazaliwa. Kichwa kilichopotea kikaandika mashairi yaliyotulia kama maji ya mtungi. Rafiki yako anafikiri wazimu huandika kwa moto. Huyu hapa, miaka 36, anaandika kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Karata ngumu kwangu ni John Clare, mshairi wa Uingereza, sifichi. Mwaka 1841 alitoroka hospitali ya Essex, akatembea kilomita kama 130 kwa siku 4, akila majani ya njiani, akimwendea Mary, mpenzi wake wa utotoni, ambaye alikuwa amekwisha kufa miaka 3 nyuma. Akafungiwa Northampton hadi kufa kwake mwaka 1864, na humo ndimo alimotunga lile shairi lake la kusema tu kwamba yupo, ingawa alivyo hakuna ajuaye wala ajaliye. Ni shairi la mgonjwa, na ni shairi kubwa. Lakini lihesabu: beti za mistari 6, vina vimepangwa kwa utaratibu. Aliyaanza hayo akiwa kibarua wa shamba, zaidi ya miaka 20 kabla. Ugonjwa ulimnyang'anya mke, jina na mwaka aliomo, mkono haukuufikia.

Plath ni hivyo hivyo. Watu hukimbilia Oktoba ya 1962, mashairi zaidi ya 20 kwa mwezi mmoja, yakiandikwa alfajiri watoto hawajaamka. Hawakumbuki miaka aliyokaa na kamusi ya visawe mapajani akipima neno kwa neno kama muuza dhahabu. Moto ulikuta kuni zimekatwa na kupangwa. Asiye na kuni huungua yeye.

Zamu ya Usiku

Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi, wodi ya akili, miaka 11. Mzee kasema ya vitabuni, niseme ya wodini.

Mtu akiwa kwenye mania kamili, yaani mpando uliofika kileleni, maneno yake huanza kuungana kwa mlio badala ya maana. Anaomba maji, maji yanamletea taji, taji linamletea mtaji, mtaji unamletea Haji, na huyo Haji hayupo wodini wala hatumjui. Ni vina vitupu! Mwanzo nilikuwa nacheka, nikadhani nimekutana na malenga. Baada ya wiki ya pili unaona kwamba hachagui. Kina kinamchagua yeye na kumburuta. Mgonjwa mwenyewe akipata nafuu hukumbuka akasema, "dada, ilikuwa kama kuteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki."

Mpando mdogo ni jambo jingine, hapo sibishani na mtu. Kuna siku chache za mwanzo ambapo mtu anakuwa mwepesi, anaona uhusiano wa vitu, analala kwa saa 4 tu na yuko safi. Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia aliyeandika kitabu kizima mwaka 1993 kuunganisha baipola na usanii, hoja yake kubwa ni hapo. Ila wanaomtaja husahau kwamba yeye mwenyewe anaugua baipola, alikataa litiamu miaka ya mwanzo kwa sababu kama zako, nusura afe, na leo ni mmoja wa watetezi wakubwa wa hiyo hiyo litiamu. Shida ni kwamba mpando mdogo haukai. Haujui kuomba ruhusa ya kubaki mdogo.

Lowell naye. Alianza litiamu mwaka 1967, baada ya karibu miaka 20 ya kuingia na kutoka hospitali. Karani? Alitoa vitabu vilivyofuatana, na kimoja kikapata Pulitzer ya mwaka 1974. Wapo wanaosema vya mwisho vimelegea, nawaachia wahakiki. Mimi ninachokikumbuka ni alichomwambia mchapishaji wake: inatisha kufikiri kwamba yote aliyoteseka na yote aliyowatesa wengine huenda yalitokana na kukosa chumvi kidogo ubongoni. Litiamu ni chumvi, kama hujui.

Sikudanganyi kwamba ni peremende. Wengine mikono hutetemeka, wengine kiu, wengine huhisi kichwa kimefunikwa blanketi. Hilo la blanketi ndilo mlilosikia watunzi. Lakini dozi hupimwa kwa damu na hurekebishwa. Figo na tezi ya shingo huangaliwa. Mwambie daktari wako wazi, "mimi ni mshairi, nikiona maneno yamekuwa mazito nitakuambia." Hilo ni jambo la kitabibu kabisa, si deko. Na ukishaanza usiiache ghafla, wala usipunguze maji na chumvi kwenye chakula bila kumwuliza.

Ombi moja tu. Bila shaka una daftari la zile siku ulizopanda. Umewahi kulisoma ukiwa umetulia?

HesabuKwanza

Zamu ya Usiku umenikumbusha. Mwaka 2001 Stirman na Pennebaker walilinganisha mashairi kama 300, ya washairi 9 waliojiua na 9 ambao hawakujiua. Maneno ya huzuni hayakuwatofautisha sana. Kilichowatofautisha ni "mimi": waliojiua waliitumia zaidi, na maneno ya kuwahusu wengine yakawa machache kadiri mwisho ulivyokaribia. Kompyuta ilihesabu tu vineno vidogo ambavyo msomaji anaviruka.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ingekuwa ngumu, maana "mimi" yetu hujificha ndani ya kitenzi. Ni-, na-, si-. Ukitafuta neno "mimi" unaweza kusoma diwani nzima ya mtu anayezama usilione hata mara moja.

KalamuNyevu (mleta uzi)

Nimerudi. Samahani kwa kimya. Swali la Zamu ya Usiku lilinichoma, nikaenda kulitafuta daftari.

Kurasa 61, usiku 4. Nakumbuka nilipomaliza nilimwamsha mtu ninayeishi naye nikamwambia dunia itagawanyika kabla na baada ya daftari hili. Sikuwa natania. Nililia kwa uzuri wake.

Nimelisoma jana saa kumi jioni, na chai. Kurasa 20 za mwanzo zina kitu, kuna mwendo, unaona mtu anakimbia. Baadaye mistari inafupika. Ukurasa wa 33 una neno "ufunguo" limeandikwa kutoka juu hadi chini, kalamu imetoboa karatasi. Ukurasa wa 47 una namba ya simu ya nyumba tuliyohama nikiwa mtoto, nimeizungushia duara mara nyingi. Kuanzia hapo ni vina, kama dada alivyosema. Vina vinavyozaa vina. Nikahesabu ule ni- wa HesabuKwanza nikaacha njiani kwa aibu. "Tu-" sikuiona kabisa.

Mistari niliyoweza kuitoa ni miwili. Miwili mizuri, sikatai. Kurasa 61.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuombwa. Nikalitafuta lile shairi langu linalosifiwa, lile la giza, ambalo rafiki yangu alilitolea ushahidi. Huwa naandika tarehe kwenye rasimu. Liliandikwa wiki 5 baada ya kuinuka kutoka kwenye mshuko mkubwa, na rasimu ziko 11. Rasimu ya kwanza ni mbaya kiasi cha kuchekesha. Ya sita ndipo ubeti wa pili umehamia mwanzo. Sikuwa juu, sikuwa chini. Nilikuwa mtu anayefuta na kuandika, anakwenda kazini, anarudi, anafuta tena. Siku zile nilizisahau kabisa, hazina hadithi. Kwenye mshuko wenyewe, miezi 3, kuna ukurasa mmoja, una tarehe na neno "leo".

Kumbe giza nililihudhuria, sikuliandikia humo humo. Niliandika nilipopata mlango.

Nimefungua pakiti. Kidonge cha kwanza ni cha jana usiku. Naogopa bado, tusidanganyane.

Siti ya Mbele

Sikuja na mawazo ya kulia humu ndani aisee. Hongera mkuu.

Majinuni

Nakupongeza, na sikupingi. Ila niruhusu swali moja kabla uzi haujafungwa kwa shangwe. Ile mistari miwili. Ungeipata kwa njia nyingine? Rasimu 11 zinaweza kunyoosha kitu, lakini kitu chenyewe kilitoka wapi? T. S. Eliot mwaka 1921 alichukua likizo ya miezi 3 benki alikokuwa akifanya kazi, mishipa imemchoka, na sehemu ya mwisho ya shairi lake refu, The Waste Land, aliiandika Lausanne, Uswisi, akiwa kwenye matibabu. Asingevunjika angeiandika?

Mzee wa Mizani

Umejijibu mwenyewe: "akiwa kwenye matibabu". Halafu aliporudi alimpa mshairi mwenzake Ezra Pound, naye akalikata shairi karibu nusu. Ila kuhusu mistari miwili sikukatalii, Majinuni. Ipo mistari ambayo mtu hafiki ilipo kwa miguu yake. Mimi nina mmoja, wa mwaka niliofiwa na mke wangu. Ni mzuri. Ningeurudisha leo hii kama kuna wa kupokea.

Nduguye

Mzee 🙏

Nimempa kaka asome uzi huu. Kasema ninyi wote mnaongea sana. Kisha akauliza rasimu 11 zinahifadhiwaje, maana yeye huchana zake.

KalamuNyevu (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho, maana mwaka sasa unakaribia na watu wananiuliza ujumbe wa ndani.

Miezi 2 ya mwanzo lile blanketi nililihisi. Maneno yalikuja, lakini kila moja lilikuja na viatu vizito. Nikamwambia daktari sentensi ile ile niliyofundishwa humu. Akapima damu, akashusha dozi kidogo, na sasa mikono inatetemeka asubuhi tu. Nimeandika kidogo kuliko zamani. Nimemaliza kingi kuliko zamani, na hilo sikulitarajia: nilikuwa na mianzo mingi isiyo na miisho.

Kuna ninachokikosa. Ule wepesi wa siku za mwanzo za mpando, ninauota. Rafiki yangu tunasalimiana kwa mbali.

Naweka ubeti mmoja hapa, wa wiki hii. Mzee, usinionee huruma.

*Nilidhani moto wangu, ndio ulonipa nuru,*
*Kumbe wateketa pangu, kwa moshi ukinidhuru,*
*Leo nina taa yangu, ndogo nami nashukuru,*
*Naandika neno langu, polepole nipo huru.*

Zamu ya Usiku

Nimeusoma wodini kwa sauti ya chini. Mmoja kaniambia nirudie.

Mzee wa Mizani

Mizani iko sawa, nane kwa nane, nimeihesabu mara mbili. Vina havijapwaya. Sasa kaa vizuri.

Mshororo wa tatu, "nami nashukuru" ni kiraka. Hukuwa unashukuru pale, ulikuwa unatafuta -ru. Msomaji anasikia. Lete kingine.

KalamuNyevu (mleta uzi)

Kweli mzee, nilijua utaikuta. Je, "Leo nina taa yangu, ndogo ila yanusuru"?

Mzee wa Mizani

Hiyo imekaa. Taa sasa inafanya kazi.

Turudi mshororo wa pili. Umekata silabi ili nane itimie, na lugha imelalamika. Moto hauteketi, mwanangu, moto unateketeza. Kinachoteketa ni nyumba. Rekebisha, uulete kesho.